Wakubwa Nao Waitike Wito wa The Hague

Jumatatu ya Machi 18, 2013, Bosco Ntaganda alifika mwenyewe katika ubalozi wa Marekani jijini Kigali na kuomba apelekwe The Hague. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilikuwa imetoa hati ya kumkamata tangu 2006. Katika miaka yote hiyo hakujificha sana. Alipewa ujenerali katika jeshi la Kongo, akaishi Goma mchana kweupe, na mwaka 2012 akawa miongoni mwa viongozi wa uasi wa M23. Kundi hilo lilipogawanyika na wenzake wa jana wakamgeukia, alivuka mpaka na kuingia Rwanda kutafuta pa kuponea. Siku nne baada ya kufika ubalozini alikuwa ndani ya ndege kuelekea Uholanzi. Julai 2019 alitiwa hatiani kwa makosa 18 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu aliyoyatenda Ituri, mashariki mwa Kongo, mwaka 2002 na 2003, yakiwamo mauaji, ubakaji, kuandikisha watoto vitani na kuwafanya baadhi ya watoto hao watumwa wa ngono. Alihukumiwa kifungo cha miaka 30.

Marekani si mwanachama wa ICC. Rwanda nayo si mwanachama. Hakuna kifungu cha mkataba kilichoulazimisha ubalozi ule kumkabidhi Ntaganda. Walimkabidhi kwa hiari, na kwa hiari hiyo wanawake na watoto wa Ituri wakapata hukumu ambayo mahakama za kwao zilishindwa kuwapa.

Juni 2025 serikali ya Marekani hiyohiyo iliwawekea vikwazo majaji wanne wa ICC. Mmoja wao ni Solomy Balungi Bossa wa Uganda, ambaye Arusha inamjua vizuri, kwani amekuwa jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki, wa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwingine ni Luz del Carmen Ibáñez Carranza wa Peru. Kosa lao, kwa maelezo ya Washington, ni kushiriki uamuzi wa rufani wa mwaka 2020 ulioruhusu upelelezi wa uhalifu uliotendeka Afghanistan, ukiwamo ule unaodaiwa kutendwa na askari na majasusi wa Marekani. Majaji hao wawili ndio pia waliokuwa katika jopo la rufani lililothibitisha kifungo cha Ntaganda Machi 2021. Kwa hiyo taifa lililompeleka Ntaganda mbele ya sheria limewaadhibu majaji waliohakikisha anatumikia adhabu yake.

Swali la kama mataifa makubwa yashirikiane na mahakama za kimataifa za jinai nalijibu bila kusita: ndiyo, yashirikiane. Lakini nasisitiza kwamba ushirikiano wa kuchagua, wa kusukuma kesi za maadui na kuziba kesi za nyumbani, unaidhuru mahakama karibu sawa na uadui wa wazi. Tena unawapa watawala wa nchi ndogo kisingizio wanachokitafuta. Kipimo cha taifa kubwa kiko siku jina la raia wake au la rafiki yake linapotajwa mahakamani.

Kwanza tuelewe kwa nini msaada wa wakubwa una uzito kiasi hicho. ICC haina polisi wala jeshi. Waliohukumiwa hutumikia vifungo katika nchi zilizokubali kuwapokea: Ntaganda yuko Ubelgiji, na Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa waasi wa LRA nchini Uganda, alipelekwa Norway. Bajeti ya mahakama kwa mwaka 2025 ilikuwa chini ya euro milioni 200, fedha ambayo ilipaswa kugharimia upelelezi katika mabara kadhaa, ulinzi wa mashahidi, wakalimani na mawakili wa washtakiwa wasiojiweza. Kila hatua inategemea serikali fulani kufungua mlango. Picha za setilaiti, mawasiliano ya simu yaliyonaswa, nyaraka za benki, ndege ya kumsafirisha mtuhumiwa na shinikizo la kumfanya mtawala amwachie: vyote hivyo viko mikononi mwa mataifa, na vingi zaidi viko mikononi mwa mataifa machache.

Historia inaonyesha mikono hiyo inapofanya kazi matokeo huja. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, aliyetuhumiwa kushiriki mauaji ya kimbari ya Rwanda mkoani Kibuye, alikamatwa Texas mwaka 1996. Alipinga kupelekwa Arusha, ilikokuwa mahakama ya kimataifa ya Rwanda, katika ngazi zote za mahakama za Marekani, hatimaye akashindwa, na Machi 2000 akakabidhiwa. Alitiwa hatiani mwaka 2003. Rais wa zamani wa Yugoslavia, Slobodan Milošević, alipelekwa The Hague Juni 28, 2001, siku moja kabla ya mkutano wa wafadhili wa Yugoslavia, baada ya Washington kufungamanisha misaada yake na ushirikiano wa Belgrade na mahakama. Ongwen naye alijisalimisha Januari 2015 na kufika mikononi mwa askari wa Marekani waliokuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati wakisaidia msako wa LRA. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa makosa 61.

Mikono hiyo inapolegea, haki hunyauka. Félicien Kabuga, aliyetuhumiwa kufadhili mauaji ya Rwanda, alikamatwa karibu na Paris Mei 2020, miaka 26 baada ya mauaji yenyewe. Mwaka 2023 majaji waliona uzee na maradhi vimemwondolea uwezo wa kufuatilia kesi yake. Manusura waliosubiri robo karne hawakupata hukumu, na mshtakiwa mwenyewe hakupata nafasi ya kuhukumiwa akiwa na akili timamu.

Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba Marekani ilikuwa mmoja wa wajenzi wakuu wa nyumba hii. Robert Jackson, jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ndiye aliyeongoza mashtaka ya Marekani pale Nuremberg dhidi ya viongozi wa Wanazi. Aliwaambia majaji kwamba kipimo watakachowapimia washtakiwa wale ndicho historia itakachowapimia wao wenyewe kesho yake. Katika miaka ya 1990 Washington ilisukuma kuundwa kwa mahakama ya Yugoslavia na ile ya Arusha. Mahakama ya Arusha ndiyo iliyotoa, Septemba 1998 katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ikatambua kuwa ubakaji unaweza kuwa njia ya kuyatenda.

Tofauti ilijitokeza pale mahakama ya kudumu, inayoweza kumgusa yeyote, ilipopendekezwa. Julai 17, 1998 mataifa 120 yaliupitisha Mkataba wa Roma ulioiunda ICC. Saba yaliupinga, Marekani na China zikiwa miongoni mwao, na 21 yakajizuia. Rais Bill Clinton alitia saini Desemba 31, 2000, siku ya mwisho iliyoruhusiwa. Mei 2002 serikali ya George W. Bush iliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba haina nia ya kuwa mwanachama. Agosti mwaka huo ilipitishwa sheria inayomruhusu rais kutumia kila njia inayohitajika kumtoa Mmarekani atakayeshikiliwa na ICC, na wakosoaji wakaiita sheria ya kuivamia The Hague. Zikafuata jitihada za kuzifuata nchi moja moja, zitie saini makubaliano ya kutowakabidhi Wamarekani kwa mahakama hiyo. Zaidi ya nchi 100 zilitia saini. Kenya ilikataa, na ikanyimwa misaada ya kijeshi.

Hata hivyo siasa hiyohiyo ilipokutana na mauaji ya Darfur nchini Sudan, ililegea. Machi 31, 2005 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1593 la kuipeleka hali ya Darfur ICC kwa kura 11. Tanzania, iliyokuwa mjumbe wa Baraza wakati huo, ilipiga kura ya ndiyo. Marekani ilijizuia pamoja na China, Algeria na Brazil, na kwa kujizuia huko ikaliacha azimio lipite. Lakini soma azimio lenyewe hadi mwisho. Kuna kifungu kinachosema kwamba askari na watumishi wa nchi zisizo wanachama, watakaopelekwa Sudan kwa kazi ya Umoja wa Mataifa au Umoja wa Afrika, watashtakiwa na nchi zao tu. Kuna kingine kinachosema Umoja wa Mataifa hautalipa hata senti moja ya gharama. Wakubwa waliituma mahakama kazini, wakaifunga mkono mmoja, kisha wakakataa kulipa nauli.

Matokeo yake tuliyaona. Rais Omar al-Bashir wa Sudan alitolewa hati ya kukamatwa Machi 2009, na ya pili, kwa mauaji ya kimbari, Julai 2010. Agosti mwaka huohuo alikuwa Nairobi, akihudhuria sherehe za kuzindua Katiba mpya ya Kenya. Juni 2015 alikuwa Johannesburg, na akaondoka wakati Mahakama Kuu ya Afrika Kusini ikiwa imeamuru asitoke nchini. Baraza la Usalama lililoipeleka kesi hiyo halikuchukua hatua yoyote ya maana dhidi ya nchi zilizompokea. Desemba 2014 Mwendesha Mashtaka Fatou Bensouda wa Gambia aliliambia Baraza hilo kwamba anasitisha upelelezi wa Darfur kwa sababu haliungi mkono kazi yake. Hukumu ya kwanza ya Darfur, dhidi ya Ali Kushayb wa wanamgambo wa Janjaweed, ilitolewa Oktoba 2025. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu azimio lile, na wakati huo Darfur yenyewe ilikuwa ikiteketea tena.

Urusi na China hazina usafi wa kujivunia hapa. Mei 22, 2014 wajumbe 13 kati ya 15 wa Baraza la Usalama waliunga mkono kuipeleka Syria ICC. Kura mbili za turufu, ya Moscow na ya Beijing, ziliua azimio hilo. Machi 17, 2023 ICC ilipotoa hati ya kumkamata Rais Vladimir Putin kwa tuhuma za kuwahamisha watoto wa Ukraine kwa nguvu, Urusi ilijibu kwa kufungua mashtaka dhidi ya maofisa wa mahakama na kumwingiza Mwendesha Mashtaka Karim Khan katika orodha ya watu wanaosakwa na polisi wake. Washington ilishangilia hati ile. Rais Joe Biden alisema ina msingi, na Bunge la Marekani lilikuwa limekwisha kulegeza sheria zake ili msaada wa ushahidi utolewe katika upelelezi wa Ukraine.

Mwaka uliofuata upepo ukageuka. Novemba 21, 2024 mahakama ileile, kwa Mkataba uleule, ilitoa hati za kuwakamata Waziri Mkuu wa Israel Benjamin Netanyahu na aliyekuwa waziri wake wa ulinzi Yoav Gallant kwa uhalifu unaodaiwa kutendwa Gaza, pamoja na kamanda wa Hamas, Mohammed Deif. Urusi si mwanachama, na Israel si mwanachama. Ukraine iliyakubali mamlaka ya mahakama juu ya ardhi yake, na Palestina ilijiunga mwaka 2015. Kisheria njia ni ile ile: uhalifu umetendeka katika eneo ambalo mahakama ina mamlaka nalo. Lakini hati ya Putin iliitwa haki, na ya Netanyahu ikaitwa chukizo. Februari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya vikwazo dhidi ya ICC. Khan aliwekewa vikwazo mara moja, majaji wanne wakafuata Juni, na Agosti majaji wengine wawili pamoja na manaibu wawili wa mwendesha mashtaka. Waswahili walisema zamani: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Vikwazo hivyo vina makali yasiyoonekana kirahisi kutoka mbali. Jaji hafungwi wala hapigwi. Anazuiwa kuingia Marekani na mali yake yoyote iliyoko huko inazuiliwa. Kisha benki za Ulaya na kwingineko, ambazo haziwezi kuishi bila dola, zinamwogopa. Kadi za malipo zinakatwa na akaunti za mtandaoni zinafungwa, na kampuni zinazouza huduma za kompyuta zinaanza kujiuliza kama zinahatarisha biashara. Chombo hiki tumezoea kukiona kikitumiwa dhidi ya magaidi na wauza dawa za kulevya. Kumwekea jaji vikwazo kwa sababu ya uamuzi aliouandika akiwa na joho lake ni jambo ambalo kama lingefanywa na rais wa nchi yoyote ya Afrika dhidi ya jaji wake mwenyewe, mabalozi wote wa Magharibi wangetoa tamko kabla jua halijazama.

Ulaya, inayojiita rafiki wa mahakama, nayo imetetereka. Januari 2025 Italia, nchi ambayo mji wake mkuu umeupa Mkataba jina, ilimkamata Osama Njeem wa Libya, anayetuhumiwa kwa mateso katika gereza la Mitiga, na siku mbili baadaye ikamrudisha Tripoli kwa ndege ya serikali. Ufaransa ilitoa tamko Novemba 2024 likidokeza kwamba Netanyahu ana kinga, hoja ambayo haikuitoa kwa Putin. Hungary ilimkaribisha Netanyahu Aprili 2025 na kutangaza inajitoa katika Mkataba.

Sasa tuzisikilize hoja za wakubwa, kwa sababu nyingine zina uzito na si haki kuzipuuza.

Hoja ya kwanza ni kwamba nchi isiyotia saini mkataba haifungwi nao. Ni kweli kwa nchi. Raia wa nchi hiyo akitenda jinai katika ardhi ya watu wengine ni jambo tofauti. Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hati ya kumkamata aliyekuwa askari wa Uingereza anayedaiwa kumuua mwanamke mjini Nanyuki mwaka 2012. Hakuna aliyeuliza kama Uingereza imeridhia sheria za Kenya, kwa sababu mwenye ardhi ana haki ya kuhukumu jinai iliyotendeka juu ya ardhi yake. Afghanistan ilijiunga na ICC mwaka 2003. Ilichofanya ni kuikabidhi mahakama ya pamoja sehemu ya mamlaka ambayo tayari ilikuwa nayo.

Hoja ya pili ni kwamba taifa lenye askari kila pembe ya dunia litakuwa shabaha ya kesi za kisiasa. Hofu hii inaeleweka, na wenye Mkataba waliiwekea dawa. ICC huingilia pale tu nchi husika inaposhindwa au inapokataa kuchunguza na kushtaki kwa dhati. Uingereza, ambayo ni mwanachama, ilichunguzwa kuhusu mateso na mauaji ya wafungwa nchini Iraq. Desemba 2020 Bensouda alisema kuna msingi wa kuamini kwamba uhalifu wa kivita ulitendwa na askari wa Uingereza. Hata hivyo alifunga jalada kwa sababu hakuweza kuthibitisha kuwa Uingereza ilikuwa ikiwakinga wahusika. Wengi walikasirishwa na uamuzi huo, na wana sababu. Lakini unaonyesha kwamba taifa lenye mahakama zinazofanya kazi lina kinga ya halali mikononi mwake, nayo ni kufanya upelelezi wa kweli nyumbani. Majaji wa ICC, kwa upande wao, hawajawa mihuri ya mwendesha mashtaka: Mathieu Ngudjolo na Jean-Pierre Bemba wa Kongo, na Laurent Gbagbo, rais wa zamani wa Ivory Coast, wote waliachiwa huru.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inasema kwamba hati za kukamatwa zinaweza kuzuia amani. Joseph Kony, kiongozi wa LRA, alikataa kutia saini makubaliano ya amani ya Juba mwaka 2008, na hati ya ICC ilikuwa miongoni mwa sababu alizotoa. Mama wa Gulu aliyetaka watoto wake warudi kutoka msituni alikuwa na haki ya kuuliza The Hague inamsaidia nini. Siwezi kumjibu kwa kifungu cha sheria. Ninachoweza kusema ni kwamba Mkataba umeweka njia ya wazi: Baraza la Usalama linaweza kusimamisha kesi kwa miezi 12 na kuongeza muda tena, likibeba lawama hadharani. Njia hiyo ni tofauti kabisa na ile ya taifa moja kujipa mamlaka ya kusamehe au kutisha. Na Kony hakuanza kuvunja mazungumzo mwaka 2008. Ya mwaka 1994 nayo yalivunjika, wakati ICC haijazaliwa.

Hoja ya nne ni kwamba mahakama yenyewe ina kasoro. Ndiyo, inazo. Kesi zinakwenda polepole mno, na upelelezi wa miaka ya mwanzo ulikuwa dhaifu. Karim Khan mwenyewe alikaa kando Mei 2025 wakati tuhuma za mwenendo dhidi yake zikichunguzwa, tuhuma anazozikana. Kasoro hizi zinarekebishwa na wanachama walioko ndani, wanaopiga kura ya kuchagua majaji na kupitisha bajeti. Aliyeko nje akirusha vikwazo hajawahi kuboresha upelelezi hata mmoja.

Hapa nageukia nyumbani, kwa kuwa unafiki wa wakubwa umezaa wanafunzi hodari Afrika. Mpaka Januari 2016, ilipofunguliwa kesi ya Georgia, upelelezi wote wa ICC ulikuwa katika bara letu. Wanasiasa waliligeuza jambo hilo kuwa wimbo wa majukwaani kwamba mahakama inawinda Waafrika. Hawakusema kwamba Uganda, Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Mali ziliipelekea mahakama kesi zao zenyewe. Nchini Kenya, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Wabunge waliukataa muswada wa mahakama maalumu ya ndani, na ni hapo tu ICC ilipoingia. Mashtaka dhidi ya Rais Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, mwendesha mashtaka akilalamika kwamba serikali ilinyima ushahidi. Kesi ya Naibu Rais William Ruto na mtangazaji wa redio Joshua Sang ilikatishwa Aprili 2016 katikati ya tuhuma za kuwaharibu mashahidi. Washtakiwa walikana makosa hayo tangu mwanzo, na hakuna aliyetiwa hatiani. Familia za waliochomwa ndani ya kanisa la Kiambaa na za waliouawa Naivasha bado hazijapata haki, si The Hague wala Nairobi.

Juni 2014, mjini Malabo, viongozi wa Umoja wa Afrika walipitisha itifaki ya kuipa mahakama ya Afrika mamlaka ya jinai, na ndani yake wakaweka kinga kwa marais walioko madarakani. Burundi ilijitoa ICC Oktoba 2017, wakati uhalifu uliofanywa dhidi ya wapinzani wa Rais Pierre Nkurunziza ukichunguzwa. Septemba 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kujitoa, zikiiita mahakama chombo cha ukoloni mamboleo. Kila mmoja wa watawala hawa anaweza kunyoosha kidole Washington au Moscow na kusema: mbona wale hawaendi? Lakini anayebaki bila mtetezi ni mkulima wa Mopti na mwanafunzi wa Bujumbura. Rais wa Marekani hapungukiwi na chochote Burundi ikijitoa.

Nini kifanyike? Mataifa makubwa yaliyoko nje yaanze na yanayowezekana leo: yaondoe vikwazo dhidi ya majaji na waendesha mashtaka, yatoe ushahidi yalio nao katika kesi zote bila kuchagua, na yafungue upelelezi wa kweli nyumbani pale askari wao wanapotuhumiwa. Marekani ikifanya hivyo haitahitaji sheria ya kuivamia Uholanzi. Wajumbe wa kudumu wa Baraza la Usalama waache kutumia turufu pale mauaji ya halaiki yanapojadiliwa, kama Ufaransa na Mexico zilivyopendekeza mwaka 2015, na kila watakapoipelekea mahakama kesi wailipie.

Ulaya itumie sheria yake ya kukinga kampuni dhidi ya vikwazo vya nje, ili benki ya Amsterdam isimfungie akaunti jaji kwa kuogopa New York. Nayo iwakamate wote wanaosakwa, rafiki na adui. Matajiri wachangie pia Mfuko wa Waathirika. Februari 2024 majaji waliamuru zaidi ya euro milioni 52 za fidia kwa waathirika wapatao 50,000 wa Ongwen kaskazini mwa Uganda. Ongwen hana kitu, hivyo fidia hiyo itatoka kwa wahisani au haitatoka kabisa.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusisubiri wakubwa watakate ndipo tutimize yetu. Tanzania iliridhia Mkataba Agosti 2002 na Kenya Machi 2005. Saini hizo ni ahadi kwa raia wetu kuliko kwa mtu yeyote wa Ulaya. Tubaki ndani, tupeleke majaji wenye sifa kama Bossa na kuwatetea kwa sauti wanapoandamwa, tuwakamate wanaosakwa wakikanyaga ardhi yetu, na tujenge mahakama za ndani zenye ubavu wa kuwashtaki wakubwa wetu wenyewe. Mwaka 2005 Tanzania ilipiga kura watu wa Darfur wapate mahakama. Kura hiyo ilikuwa sahihi, na msimamo huo ndio tunaopaswa kuushikilia leo mbele ya taifa lolote, liwe dogo au kubwa.

Sheria ni msumeno. Taifa linaloushika kwa mpini tu na kukataa meno yake halishirikiani na haki, linaitumia. Mataifa makubwa yatakapokubali kuitwa kama yanavyotaka wengine waitwe, ndipo yatakapokuwa na haki ya kumwambia Kony, au mtawala yeyote, kwamba siku yake mahakamani imefika.